Kibuyu cha Doto

Asubuhi niliyoondoka Binza sikuwa nimeamua kwenda popote. Niliamka, nikamkuta mwenye duka niliyekuwa nikimbebea mizigo bado anakoroma, nikavaa shati na kutoka. Nje ya mji palikuwa na trekta linalovuta tela la pamba kuelekea Bariadi. Dereva aliniuliza kama ninaweza kukaa juu ya magunia bila kuvuta sigara, nikasema sivuti, jambo ambalo halikuwa kweli, nikapanda. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, si kwa kukosa ada wala kwa kushindwa masomo, ila nilichoka kusomewa habari za mahali nisipoweza kufika kwa miguu. Tangu hapo nilikuwa nikienda kutazama mwenyewe. Bariadi nilikuwa sijaiona. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote.

Mwezi uliopita nilipita tena Bariadi, ambayo siku hizi ni makao makuu ya mkoa, na mama mmoja anayeuza chai karibu na stendi akaniambia kwamba Mwalimu Bonifasi ameshazikwa. Aliisema habari hiyo huku akikoroga sukari, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Niliiacha chai nusu, nikaenda makaburini. Wanawe wamemjengea kaburi la vigae vyeupe na vyeusi. Lina uzio wa chuma wenye kufuli, lina picha yake ndani ya kioo, na juu ya kifua chake wametandaza maua ya plastiki ambayo jua limeyapausha mpaka yamekuwa na rangi ya ufizi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, nikacheka hadi mlinzi, kijana mwenye simu mkononi, akaja kunitazama kama mtu wa kufukuzwa. Sikumweleza kitu. Kicheko kilipoisha nilianza kutafuta kaburi lingine, dogo, upande wa minyaa. Sikuliona. Hapo ndipo mwaka ule wote uliponirudia, pamoja na harufu zake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, wakati maduka yaliyokaa matupu kwa muda mrefu yalipoanza kujaa vitu hata wauzaji wenyewe hawakujua vyote ni vya kazi gani. Khanga mpya, sabuni za kunukia, sahani za plastiki, redio, na maua ya plastiki yaliyofungwa mashada, majani yake yakiwa ya kijani kuliko jani lolote lililowahi kuota Usukumani. Watu walinunua kwa njaa ya miaka. Na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na maiti wake, vitu vile havikuchelewa kufika makaburini. Mmoja alipaka msalaba rangi ya bluu ya milango. Mwingine alimwekea baba yake redio iliyokufa, na betri zake. Wengine walisimika sahani na vikombe juu ya udongo kama duka la vyombo. Wakristo wa parokia walianza kushindana, na walioshindwa wakaanza kunung'unika. Ndipo kamati ya makaburi ilipotunga kanuni, na kamati ya makaburi, kwa kweli, ilikuwa ni Mwalimu Bonifasi, katekista. Padri alikuwa mtu wa pikipiki. Wiki nzima alikuwa kwenye vigango vya vijijini, na akirudi alikubali kila alichokuta kimeamuliwa.

Siku niliyofika nilikuwa nimesimama kwenye lango la makaburi, nasoma ubao. Mimi husoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya magunia. Mwalimu alitokea nyuma yangu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, akaniamuru nisome kwa sauti. Nikasoma. Kwamba msalaba usizidi kiuno cha mtu mzima. Kwamba rangi ni chokaa tu, na maua ni yale yaliyoota ardhini. Kwamba hakuna chombo kitakachoachwa juu ya kaburi, wala kitu kitakachomwagwa, iwe pombe, unga au maziwa. Kwamba mgeni avue kofia, asile, asinywe, asipige yowe isipokuwa siku ya maziko. Nilipomaliza aliniuliza kama nina kazi, nikasema sina. Mlinzi aliyekuwepo hakujua kusoma, akasema, na watu walikuwa wakimdanganya juu ya kilichoandikwa. Jioni hiyo hiyo nilihamia kwenye stoo.

Stoo ile ilikuwa nyuma ya kanisa, na nililala humo mwaka mzima nikiwa na raha. Kulikuwa na machela ya kubebea maiti, ambayo niliigeuza kitanda baada ya kuona panya hawaipandi, na kulikuwa na kalibu za mbao za kufyatulia misalaba ya saruji. Misalaba yote ilitoka sawa, kama matofali. Mchana nilifagia, nikang'oa magugu, nikamwagilia mikwaju michanga. Chakula nilikula kwa Mwalimu: michembe ya viazi vitamu ya kuchemsha asubuhi, ugali wa mtama na mlenda usiku ulipoingia, na Jumapili wali wa mpunga wa shambani kwake na dagaa waliotoka Kalemela. Alikula polepole, anatafuna kila tonge kana kwamba analihoji. Alikuwa mgane. Sebule yake ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa na marehemu mkewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuegemea vitambaa hivyo. Ukikaa kwake ulikaa wima.

Nitasema jambo ambalo wanaomsema leo hawalisemi: watu walimpenda. Mnunuzi mmoja wa pamba, katika wale wa binafsi walioanza kuja na magari yao, alileta pikapu imejaa vigae kwa ajili ya kaburi la baba yake. Mwalimu alisimama langoni akamwambia arudi navyo. Yule bwana akacheka, akauliza anayeongea naye ni nani. Mwalimu akajibu kwamba ni mtu atakayemzika. Pikapu iligeuzwa mbele ya watu, tairi zikizunguka kwenye matope, na akina mama waliokuwa wakitoka kwenye jumuiya wakaizomea mpaka ikapotea. Wiki nzima Bariadi ilizungumza habari hiyo tu. Kisha binti yake, msichana pekee kati ya wanawe, akaja kutoka Mwanza na shada la waridi za plastiki kwa kaburi la mama yake. Alipiga magoti, akaliweka, akalia kidogo. Mwalimu alimngoja amalize, akainama, akaliokota na kunikabidhi nikalitupe.

"Baba, hata mama?" binti akasema.

"Mama yako aliijua kanuni kabla yako."

Binti aliondoka bila kula. Mwalimu alikula sehemu yake na ya binti, akaniambia nimwongezee mlenda. Nilimtazama nikamwona mtu ambaye sijawahi kumwona: mtu asiye na upendeleo hata kwa kidonda chake. Nilikuwa kijana, na kitu kama hicho kinapendeza ukiwa kijana. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu asiyejihurumia yeye mwenyewe ana ruhusa kubwa mno juu ya wengine.

Doto alizikwa mvua za masika zilipokuwa zikiishia. Alikufa kwa surua, na alikuwa pacha. Mwenzake, Kulwa, alipona. Walikuwa watoto wa umri wa kuanza kuuliza maswali. Mama yao aliitwa Kabula, mwanamke mrefu, mkimya, mwimba kwaya wa sauti ya pili. Mume wake alikuwa machimboni na hakurudi kwenye msiba, kwa hiyo Kabula aliishi na mama mkwe wake, bibi mmoja mwenye meno machache na maneno mengi, aliyebatizwa uzeeni na ambaye hakuona sababu ya ubatizo kumfanya asahau alichokijua. Na alichokijua ni kwamba mapacha hawaachani. Aliyetangulia humtafuta mwenziwe, humwita usiku, na asipopewa mahali pa kutulia huja kumchukua. Basi bibi alichagua kibuyu kidogo, akakivika ushanga shingoni, akakifunga kipande cha khanga, akakilaza kando ya Kulwa, ukutani, mahali alipokuwa akilala Doto. Kulwa akipewa uji, kijiko kimoja kiliguswa mdomoni mwa kibuyu. Kulwa mwenyewe alikiita Doto, alikisimulia mambo, alikigombeza. Akapata nafuu. Akaanza kukimbia tena.

Katika ziara za nyumba kwa nyumba Mwalimu alikikuta kitandani. Niliyasikia mazungumzo hayo kwa sababu nilikuwa nimebeba kikapu cha zaka. Hakufoka. Alimuuliza Kabula kile ni nini, Kabula akasema ni kibuyu. Akamuuliza kwa nini kimevaa nguo. Bibi ndiye aliyejibu kutoka jikoni, kwa Kisukuma, kwamba hata sanamu kanisani zimevaa nguo na hakuna anayeziuliza. Waliokuwepo waliinamisha vichwa wasicheke. Mwalimu alisema kwa utulivu kwamba ndani ya nyumba ya Mkristo kitu kile hakitalala tena, na kama wanamtaka Doto, Doto yuko makaburini.

Kabula alilichukua neno lile jinsi lilivyosemwa. Huo ndio msiba wenyewe, nami sijawahi kuona mtu akimtii mwingine kikamilifu namna ile. Jumapili iliyofuata alikuja na kibuyu mgongoni, amekibeba kwa mbeleko kama wanavyobebwa watoto, akakiweka juu ya kaburi la Doto, akamkalisha Kulwa kando, akatoa kopo la uji. Kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule. Nilikuwa nimesimama na reki yangu. Kwa kanuni, nilipaswa kumwambia kwamba chombo hakiruhusiwi na kula hakuruhusiwi. Nilichofanya ni kumuuliza, kwa sababu nilitaka kujua, kama kibuyu kinahitaji kulishwa mpaka lini.

"Mpaka Kulwa awe mkubwa wa kumsahau," akasema.

Wachimba makaburi wawili waliokuwa wakipumzika kwenye kivuli cha minyaa walikuwa na lao. Mmoja alisema yule mtoto wa kibuyu ana bahati, haharishi. Mwingine akaniita rafiki, kwa Kisukuma, "Nkoi, muulize kama analia usiku." Kabula aliwasikia. Aliendelea kumfuta Kulwa mdomo. Jumapili kadhaa zikapita hivyo, na akina mama wa kwaya wakaanza kupita upande wa pili wa makaburi, wakimwita mama wa kibuyu, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kumfikia. Mwalimu aliona yote. Nilingoja aniamuru nikitupe kama nilivyotupa sahani na redio. Hakuniamuru. Mezani aliniambia tu, akitenga mifupa ya samaki pembeni ya sahani, kwamba kitu kikitupwa na mlinzi, mama huenda kutafuta kingine, na vibuyu viko vingi. Kinachotakiwa ni mama akitupe mwenyewe.

Ilipokaribia Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, akamwita Kabula sebuleni. Nilikuwa nikichambua michembe mlangoni. Alimweka wima kwenye kiti chenye kitambaa, akamweleza kama anavyoeleza somo la komunyo. Siku hiyo padri atapita kaburi kwa kaburi na maji ya baraka. Kaburi lenye kitu kisichoruhusiwa halitabarikiwa, msalaba wake utang'olewa, na udongo utasawazishwa ili nafasi apewe mwingine. Kabula akauliza kama anaweza kukichukua kibuyu akirudishe nyumbani. Hapana, nyumbani kilishakatazwa. Akauliza kama anaweza kumpa mama yake mzazi akitunze. Hapana.

"Kivunjwe, mbele ya waamini," Mwalimu akasema. "Hapo nitajua kimekwisha, na wewe utajua."

"Na Kulwa akiugua, Mwalimu?"

"Wagonjwa wapo kila nyumba, mayu. Hata nyumba zisizo na vibuyu."

Alisema mayu, yaani mama, kwa heshima kabisa. Kabula alisimama, akakinyoosha kitambaa alichokuwa amekikunja bila kujua, akaondoka. Kwa hiyo alikuwa na siku chache za kuchagua: kaburi la mtoto aliyekufa, au kile ambacho, kwa jinsi alivyoamini, kilikuwa kikimshikilia aliye hai. Nilitaka sana kuona angefanya nini. Wote tulitaka. Siku ile watu walijaa makaburini kuliko Pasaka.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa mwekundu, unanata. Padri alikuwa bado anavaa. Kabula alikuja na gauni lake la kwaya, Kulwa mkononi, akaenda moja kwa moja hadi kaburini. Nadhani alikuwa ameamua kukivunja haraka na kuondoka. Alikiinua. Mikono yake ilikuwa na nguvu, nilishaiona ikitwanga. Lakini ilibaki juu, na haikushuka. Nyuma, mama mmoja wa kwaya akasema aharakishwe, jua linawaka. Mwingine akauliza kama anangoja kimwamkie. Kicheko kikapita. Kabula akakishusha taratibu, akakipakata.

Mwalimu alimsogelea. Hakumgusa. Alimtazama Kulwa, ambaye alikuwa akichora udongoni kwa kidole cha mguu, na niliona wazo likimwingia usoni, na niliona limempendeza.

"Mpe mtoto," akasema. "Ni chake."

Kabula akasema hapana kwa kichwa. Lakini Kulwa alikuwa amesikia, na alikuwa tayari amenyoosha mikono, na mama asiyetaka kuvutana na mtoto mbele ya umati mzima aliachia. Mwalimu akachuchumaa hadi usawa wa mtoto, akamuuliza kwa sauti nzuri, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama ana nguvu. Kulwa akasema ana nguvu. Akamwambia amwonyeshe, apige pale, kwenye msalaba. Mtoto alitazama watu wote wale wanaomtazama, akafurahi. Akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakipiga kwenye ukingo wa saruji. Mara ya kwanza kilidunda na watu wakacheka. Mara ya pili kilipasuka. Watu wakapiga makofi, kweli walipiga makofi, na Kulwa akacheka nao, akageuka huku na huku kuona nani mwingine anacheka.

Kisha akatazama chini. Ushanga ulikuwa umetawanyika kwenye matope. Akachuchumaa, akaanza kuokota vipande na kuvipanga kwenye khanga ile ndogo, kipande juu ya kipande, na havikukaa. Akamwinulia mama yake khanga.

"Mama, Doto amepasuka," akasema. "Mshone."

Kwa watu wa kwetu kibuyu kikipasuka hushonwa. Kila nyumba ina kimoja chenye mshono. Mtoto alikuwa ameona bibi yake akishona. Makofi yalikoma, ingawa sikuona mtu aliyeondoka. Kabula alipiga magoti kupokea vipande, na Mwalimu akaweka kiatu chake juu ya upindo wa khanga.

"Hakishonwi," akasema, akanigeukia. "Masanja, leta koleo."

Nilileta koleo. Nilichota vipande, ushanga na matope pamoja, nikavimwaga kwenye shimo la takataka, nikarudi nikiwa nimechelewa kidogo tu: padri alikuwa ameshafika, ananyunyiza. Kaburi la Doto lilibarikiwa kama mengine. Kabula aliimba sauti ya pili mpaka mwisho, na haikutetereka. Kulwa alikuwa amelala chini, tumbo juu ya udongo wa kaburi, anapiga mayowe, na kwa kuwa kupiga yowe kulikatazwa, mama mmoja alimbeba akampeleka nje ya lango.

Nimetafakari sana miaka hii kwa nini Mwalimu alifanya vile, na kila jibu nililopata ni dogo kuliko tendo lenyewe. Si kwamba alimchukia Kabula. Alimwombea kwa jina kila usiku, nilimsikia kupitia ukuta nilipokuwa nikiosha vyombo kabla ya kurudi stoo. Nadhani alitaka kitu kivunjwe hadi ndani kabisa, pale ambapo hata mwenye nacho hawezi kukishona, na alijua, kama fundi ajuavyo mbao, mahali pa kupiga. Usiku ule alikula wali. Alisema mtoto ana nguvu, atakuwa mkulima mzuri.

Kabula hakurudi makaburini. Alikuwa amelipata kaburi na hakulitazama tena. Kulwa akaanza kukataa chakula. Kijiko kikiletwa aligeuza uso, akangoja, na kisipopelekwa kwingine kwanza hakufungua mdomo. Bibi alimwambia mkwewe, na majirani walisikia kwa kuwa bibi hakuwa na siri, kwamba Doto wa kwanza alichukuliwa na Mungu, lakini wa pili ameuawa na mama yake kwa kuogopa mtu wa shati la pasi. Alisema hataki kuwa ndani ya nyumba ile siku Kulwa atakapofuata, kwa hiyo atoke mmoja wao, na mwenye nyumba si Kabula. Akatoa vitu vyake nje: sufuria, gauni la kwaya, mkeka. Wanakwaya waliokuwa wakipita walimsaidia kuvifunga. Walivifunga vizuri, kwa mafundo ya kudumu.

Nilimkuta asubuhi barabarani, kando ya lori lililokuwa likienda mnadani upande wa Meatu kuchukua ng'ombe. Nilikuwa nimetoka kununua chumvi ya Mwalimu. Nilimwamkia, mwangaluka, akaitikia. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema Mwanhuzi, ana dada yake huko. Nikampandishia mzigo, nikampandisha Kulwa, ambaye alikuwa mwepesi kama kapu tupu, kisha nikapanda na mimi, na chumvi mfukoni. Hakuniuliza. Njia nzima tulisimama tumeshika mbao, samadi kavu ikiruka machoni, nchi ikizidi kuwa kame na miti ikipungua. Kulwa alikaa miguuni petu. Niliwaonyesha tandala mbali, na hakuna aliyeinua kichwa.

Dada yake hakuwa Mwanhuzi. Alikuwa amehama na mumewe na mifugo tangu kiangazi, kufuata majani, na majirani hawakukubaliana alielekea wapi. Jua lilikuwa linashuka. Tukaonyeshwa nyumba ya mama mmoja aliyepangisha vyumba kwa watu wa mnada, nyumba ya tope yenye ua wa miiba, harufu ya maziwa mgando mlangoni. Mimi alinipa nafasi barazani na wachunga ng'ombe. Mama yule alimwonyesha Kabula chumba cha ndani, chembamba, chenye kitanda cha kamba, akaanza kutafuta ngozi ya kutandika. Akauliza, kama wanavyouliza wote wenye nyumba, ana watoto wangapi, ili ajue atandike kwa upana gani.

Nilikuwa mlangoni na mzigo kichwani. Kabula alikitazama kitanda, upande wa ukuta, mpaka mama yule akageuka kumtazama.

"Mmoja, mayu," akasema.

Ngozi ikatandikwa, nyembamba. Kulwa alipanda kitandani bila kuambiwa, akajilaza ukingoni kabisa, mgongo nje, akiacha nafasi upande wa ukuta. Mama yake alisimama akamwangalia. Kisha akamshika kwa mikono miwili, bila hasira, akamvuta katikati.